Tusiulize Habari za Daktari Peke Yake



Katika mikutano ya matawi, neno la matibabu likitajwa, swali huwa ni lile lile. Mwenzetu akitakiwa kupasuliwa, daktari ni nani, na fedha zake ni ngapi? Hatujasikia hata siku moja mwanachama akisimama kuuliza: usiku ule baada ya kupasuliwa, wodi itakuwa na wauguzi wangapi? Sisi twaona swali hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza, nasi twaomba nafasi katika gazeti letu tueleze kwa nini.

Sisi si waganga, ni watu wa reli. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yetu ni nyundo, spana na mataruma. Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo inayotufikisha hospitali. Mtu akiinua chuma mwaka baada ya mwaka, nyama za tumbo huweza kulegea mahali fulani na utumbo ukasukuma kutokea hapo. Ndiyo ngiri, ambayo wengine huiita mshipa. Waulize wanaume wa genge lolote uone ni wangapi wameshonwa kinena. Kwa hiyo tumelala katika wodi, tumekaa na wenzetu waliolala, tumewauliza wauguzi tunaojuana nao, na tumesoma yaliyoandikwa.

Hesabu moja ilitushtua. Mwaka 2018 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilitoa habari za wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Waliokufa walikuwa 239, yaani kama 2 katika kila 100. Waandishi walisema kiasi hicho ni mara mbili ya kile cha dunia nzima, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa watu ambao kwa hali zao wangetazamiwa kupona kuliko wengine. Sasa sikilizeni: katika hao 239, watu 225 walikufa baada ya siku ya kupasuliwa kupita. Wengi wetu hudhani hatari iko mezani, pale kisu kinapoingia. Kumbe hatari kubwa iko kitandani, wakati daktari amekwisha vua glavu na kwenda zake. Na aliyepo hapo kitandani ni muuguzi.

Tuanze kabla ya kisu. Muuguzi wa wodi humpokea mgonjwa na kumfunga utepe wa jina mkononi. Humpima joto, mapigo ya moyo na presha, ili baadaye pawe na kipimo cha kulinganisha. Kisha humwuliza maswali ambayo baadhi yetu huyaona kama ya polisi. Dawa gani zinakudhuru? Umewahi kulazwa usingizi wa dawa? Una jino linalocheza? Wavuta sigara? Wanywa pombe, na kiasi gani? Umekunywa dawa za miti shamba wiki hii? Ndugu, jibu kweli. Muuguzi hapeleki habari kwa mkeo wala kwa msimamizi wako. Anayekunywa sana kila siku kisha akaficha, aweza kuanza kutetemeka na kuweweseka siku ya pili au ya tatu wodini, na watu wakatafuta ugonjwa wa kichwa, kumbe ni pombe imekatwa ghafula. Jino linalocheza laweza kung'oka likaingia kooni mpira wa kupumulia unapotiwa. Maswali haya yote yana sababu yake.

Jambo linalotuudhi zaidi ni hili la chakula. Mgonjwa huambiwa asile chochote kwa saa 6 au zaidi kabla ya kupasuliwa, na chakula cha mafuta hutakiwa kiachwe saa 8. Maji matupu mara nyingi huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, lakini hilo ni la kuambiwa na wenyewe, si la kujiamulia. Jamaa wa nyumbani huona huu ni ukatili. Huja na uji ndani ya chupa ya chai, humnong'oneza mgonjwa, naye hunywa akiwa amegeukia ukuta. Mnajua kinachotokea? Mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hana nguvu ya kukohoa wala kufunga koo. Kilichomo tumboni chaweza kupanda juu kikamwagikia mapafuni, na tindikali ya tumbo huunguza mapafu. Watu wamekufa kwa kikombe cha uji. Muuguzi anapokuja asubuhi na kuuliza, "Umekula?", hataki kukuonea. Ukiwa umekula, sema umekula. Kupasuliwa kutaahirishwa, nawe utakuwa mzima.

Kuna pia karatasi ya kukubali. Ni kazi ya daktari kueleza atakata wapi, kwa nini, na hatari gani ipo. Lakini mara nyingi ni muuguzi anayegundua kwamba mgonjwa ametia kidole gumba bila kuelewa hata neno moja, naye humwita daktari arudi aeleze tena, kwa lugha ambayo mtu ataifahamu. Madaktari wengine hukasirika. Sisi twamsifu muuguzi wa namna hiyo, maana anafanya kazi ambayo chama hufanya mkataba unapoletwa utiwe sahihi.

Habari ya kunyoa, kwa ufupi: siku hizi Shirika la Afya Duniani lashauri nywele zisinyolewe kwa wembe, kwa sababu wembe huacha vidonda vidogo ambavyo vijidudu huingilia. Zikilazimu kuondolewa, zikatwe kwa mashine. Ukiletewa wembe, una haki ya kuuliza.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji, ambacho wengi wetu twakiita thieta. Hapa watu wa reli tutaelewana upesi. Katika njia moja ya reli, dereva haondoki stesheni kwa kuwa yeye ni dereva hodari. Huondoka akiwa na ruhusa kwamba njia ya mbele ni tupu. Awe amefanya kazi miaka thelathini au siku thelathini, sheria ni moja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi ya maswali 19 ya kuulizwa thieta, nayo ina vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Jina lake ni nani? Anapasuliwa nini, na upande gani? Dawa ya kuzuia usaha imetolewa katika saa moja iliyopita? Damu ipo kama itahitajiwa? Mwishoni, vyombo na vitambaa vimehesabiwa vikatimia? Mara nyingi anayesoma maswali hayo kwa sauti ni muuguzi, na wote, pamoja na daktari mkuu, husimama wamjibu.

Karatasi hii ilijaribiwa katika hospitali nane za miji nane ya dunia. Mmojawapo ulikuwa Ifakara, Tanzania, mahali ambapo reli ya TAZARA hupita. Habari zake zilitolewa Januari 2009. Kabla ya karatasi walikufa watu 15 katika kila 1,000 waliopasuliwa. Baada yake walikufa 8. Waliopata madhara walishuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili hiyo. Watu walisimama, wakaulizana, wakajibizana.

Na pasipo kuulizana, twajua yanayotokea. Mwaka 2018 nchi nzima ilisikia habari ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako wagonjwa wawili walichanganywa, na mmoja akapasuliwa kichwa bila kuwa na haja ya kupasuliwa. Aliyehitaji kupasuliwa alikuwa na damu iliyoganda ndani ya kichwa. Huyu mwingine alikuwa na uvimbe tu. Kosa liligunduliwa wakiwa kazini, walipoitafuta damu ile wasiione. Wauguzi walikuwa miongoni mwa waliosimamishwa kazi. Hatutaki kuhukumu kesi ya watu. Twasema hivi tu: ukiulizwa jina lako mara ya tano, usiguse kichwa kwa hasira ukasema hawa watu wamesahau. Taja jina lako lote, utaje na kinachokuleta.

Ndani ya thieta wauguzi huwa na kazi mbili. Mmoja huosha mikono mpaka viwikoni, huvaa joho na glavu safi, husimama karibu na daktari na kumpa vyombo. Mwingine haingii katika mahali safi pale mezani. Huzunguka, huleta kinachotakiwa, huandika, hutazama kama kuna mtu aliyegusa asipopaswa kugusa. Wawili hawa huhesabu pamoja, kwa sauti, kila sindano, kila koleo na kila kitambaa cha shashi. Huhesabu kabla ya kukata, huhesabu kabla ya tumbo kufungwa, na huhesabu tena mwisho. Vitambaa vyenyewe vina uzi ndani unaoonekana kwa eksirei, ili kikipotea kitafutwe. Hesabu isipotimia, muuguzi husema, "Daktari, tusifunge." Fikirini ujasiri wa neno hilo, likisemwa na mtu wa mshahara mdogo mbele ya mkubwa aliyechoka anayetaka kwenda nyumbani! Sisi ambao tumewahi kumwambia fundi mkuu kwamba behewa lisitoke karakana kwa sababu bolti moja haionekani, twajua uzito wake.

Tena kuna mambo madogo ambayo mgonjwa hatayajua kamwe. Aliyelala usingizi wa dawa hawezi kusema kiwiko chamwuma. Ni muuguzi awekaye mto chini ya kiwiko na kisigino, kwa sababu mshipa wa fahamu ukibanwa saa tatu juu ya chuma, mtu aweza kuamka ngiri imepona na vidole vimekufa ganzi. Ni muuguzi amfunikaye asipoe, maana mwili uliopoa huvuja damu zaidi na kidonda chake hushika usaha upesi.

Tulipokuwa tunasoma habari za glavu, tulikuta jambo linalofaa kujulikana na kila mwana chama. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 huko Baltimore, Marekani. Muuguzi mkuu wa thieta alikuwa Caroline Hampton. Siku hizo vijidudu viliuawa kwa dawa ya zebaki, nayo ilimchubua mikono na kumtia vidonda hata ikawa hawezi kuendelea na kazi. Daktari mpasuaji, William Halsted, aliiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira kwa ajili yake. (Baadaye walioana, lakini hilo si neno la chama.) Wasaidizi wengine wakaanza kuzivaa pia. Mwaka 1899 daktari mwingine wa hospitali hiyo, Joseph Bloodgood, alitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 450 waliopasuliwa ngiri, akaonyesha kwamba tangu glavu zianze kuvaliwa, usaha katika vidonda ulikuwa umepungua mno. Basi glavu zilianza kwa sababu mfanyakazi aliumizwa na dawa ya kazini, na waliofaidika ni wagonjwa. Matajiri wanaosema kumkinga mfanyakazi ni gharama ya bure wangesomewa habari hii.

Sasa tufike mahali ambapo watu 225 kati ya 239 walikufa.

Mgonjwa akitoka mezani hapelekwi wodini moja kwa moja. Hukaa katika chumba cha kuamkia, na muuguzi hukaa naye. Hatari ya kwanza ni pumzi. Ulimi wa mtu aliyelewa dawa hurudi nyuma ukaziba koo; muuguzi huinua taya, humgeuza ubavu, humtilia oksijeni, hufyonza mate na matapishi. Hupima mapigo, presha na pumzi kila baada ya dakika chache. Hatoki hapo mpaka mtu ajue jina lake na ajishikilie mwenyewe. Hospitali ambayo haina chumba hiki, au inacho lakini hakina mtu, haifai kupewa wanachama wetu hata ikiwa na daktari kutoka London.

Wodini kazi ni kulinganisha. Kipimo kimoja hakisemi neno. Mapigo ya 90 ni kitu gani? Si kitu. Lakini yakiwa yalikuwa 76 saa mbili usiku, 90 saa tatu, 108 saa nne, na presha inashuka, na ngozi ni baridi, na mkojo ni kidogo, basi damu inavuja ndani hata kama bendeji ni kavu. Ili ulijue hili lazima uwe umepima mara zote tatu. Muuguzi aliye na wagonjwa wanane huweza. Muuguzi aliye na wagonjwa arobaini atapima mara moja, na mara ya pili itakuwa alfajiri.

Mwenzetu mmoja wa genge alipasuliwa katika hospitali ambayo hatutaitaja. Kazi ya daktari ilikwenda vizuri. Usiku wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja na mwanafunzi mmoja. Kwa bahati kitanda cha mwenzetu kilikuwa kando ya meza ya wauguzi, kwa sababu vile vya nyuma vilijaa. Mwanafunzi yule alipita na kumshika mkono, akaona una jasho baridi. Akapima, akapima tena, akamwita dada yake mkubwa wa kazi, naye akampigia daktari simu mara tatu mpaka akaja. Mwenzetu alirudishwa thieta saa saba za usiku, mshipa uliokuwa unavuja ukafungwa, na leo yuko kazini. Yeye mwenyewe husema aliponywa na daktari. Sisi twamwambia aliponywa na kitanda chake kuwa karibu na meza, na binti mmoja ambaye jina lake hakuliuliza.

Je, haya ni maneno ya wodi moja tu? Mwaka 2014 lile gazeti The Lancet lilitoa hesabu ya wagonjwa 422,730 waliopasuliwa katika nchi tisa za Ulaya. Iligunduliwa kwamba muuguzi akiongezwa mgonjwa mmoja tu juu ya wale alio nao, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 huongezeka kwa asilimia 7. Huko ni Ulaya, ambako wodi zao si kama zetu. Mwenye akili na afikiri juu ya arobaini kwa mmoja.

Watu wengine watasema: basi wauguzi waliopo waamriwe kuangalia zaidi. Hilo nalo limejaribiwa. Baada ya hesabu ile ya 2018, waganga wa Afrika walifanya jaribio katika hospitali 332 za nchi 28. Wagonjwa wenye hatari waliangaliwa zaidi baada ya kupasuliwa: walipimwa mara nyingi zaidi, walilazwa mahali ambapo muuguzi angewaona, jamaa waliruhusiwa kukaa nao, karatasi ya maelezo ikawekwa karibu na kitanda. Ni mambo mazuri yote. Lakini taarifa ilipotoka mwaka 2021, idadi ya vifo haikuwa imepungua. Sisi hatushangai. Ukiongeza mabehewa bila kuongeza injini, treni haiendi mbio kwa sababu meneja ameandika barua. Huwezi kuongeza kuangalia bila kuongeza macho.

Hapa tutasema neno ambalo ndugu wengine hawatalipenda. Kuanzia Juni hadi Novemba 2017 wauguzi wa hospitali za serikali walikuwa katika mgomo, wakidai mkataba wao utiwe sahihi. Wanachama wetu wengi waliwalaani, na sababu walikuwa nayo, maana watu waliteseka na wengine walizika. Hatusemi haikuwa hivyo. Lakini mfanyakazi wa reli anayedai mkataba wake uheshimiwe, kisha akasema muuguzi afanye kazi kwa upendo tu, anakata tawi alilokalia. Muuguzi aliyechoka na anayetafuta kazi ya pili mchana ndiye atakayekushika mkono usiku. Wauguzi wakidai idadi ya kutosha katika kila wodi, hiyo ni hoja ya kitanda chako, na chama chetu kiwaunge mkono waziwazi.

Tena sisi twalipa. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayelipa nauli ana haki ya kuuliza kama breki zafanya kazi.

Jambo la mwisho ni la baada ya kutoka hospitali, maana uguzi haumaliziki langoni. Muuguzi humwamsha mgonjwa atembee mapema, siku ile ile au kesho yake, ijapokuwa analia, ili damu isigande miguuni na mapafu yasijae makohozi. Humfundisha kushika mto tumboni akikohoa. Humwambia nyuzi zitatolewa lini, na kwamba akiona wekundu unaoenea, usaha au homa, asingoje siku aliyoandikiwa. Kisha humwambia: usiinue kitu kizito. Kwa aliyeshonwa ngiri, maneno ya kawaida ni wiki 4 hadi 6.

Sasa fungueni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini, akiwa na cheti cha daktari, hupata siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Jumla ni siku 14. (Aliyeumia kazini ana sheria yake nyingine, hapa twasema juu ya mgonjwa.) Muuguzi asema wiki 6, sheria yasema wiki 2, na nusu ya hizo ni kwa nusu mshahara. Mwenye watoto wanne atamsikiliza nani? Atarudi siku ya 15, ataambiwa ashike taruma, mshono utalegea, na fedha zote zilizolipwa kwa yule daktari mashuhuri zitakuwa zimetupwa. Sheria hiyo ni kiasi cha chini tu. Haikatazi mkataba kutoa zaidi.

Katika shule ya misheni tulisomeshwa habari ya Msamaria, na kila mtu hukumbuka mafuta na divai aliyomtilia majeruhi vidondani. Wachache hukumbuka kwamba kesho yake alimpa mwenye nyumba ya wageni fedha za kumtunza mtu yule, akaahidi kulipa kitakachozidi. Yeye alijua kwamba kufunga vidonda ni siku moja, na kutunza ni siku nyingi, tena kuna gharama yake.

Kwa hiyo tumeandika hoja. Twataka chama, kinapozungumza na waajiri juu ya hospitali za kuwatibu wanachama, kiulize kwa maandishi: wodi ya waliopasuliwa ina wauguzi wangapi usiku kwa vitanda vingapi, kuna chumba cha kuamkia chenye muuguzi ndani, na ile karatasi ya maswali 19 husomwa kwa sauti au hujazwa jioni ofisini? Pili, mkataba ujao useme kwamba aliyepasuliwa tumbo au kinena apewe muda wote ulioandikwa na hospitali kwa mshahara kamili, na akirudi apewe kazi nyepesi mpaka daktari aseme basi. Tatu, mwenzake mmoja wa kazi aruhusiwe kukaa naye usiku wa kwanza, ikiwa hospitali yakubali, bila kukatwa siku. Hatakuwa muuguzi wala asijifanye muuguzi. Atakuwa mtu wa kuita.

Hoja hiyo iko mikononi mwa katibu wa tawi, nayo itasomwa katika mkutano wa robo mwaka. Wanaoipinga waje waseme mbele ya watu, hasa wale ndugu wa karakana wanaoshikilia kwamba siku 14 zatosha. Waje pamoja na mtu mmoja aliyeinua taruma siku ya 15 baada ya kushonwa ngiri, naye atuambie mwenyewe.